Zamu ya Shemeji

Gari la nne kutoka mbele lilikuwa la Shemeji, na Shemeji mwenyewe alikuwa nje akilisukuma. Mkono mmoja ulikuwa umeingia dirishani kushika usukani, bega limeegemea nguzo ya mlango, na viatu vya mahakamani, vile vyeusi vya kisigino kifupi, vilikuwa vinateleza kwenye kokoto. Tangu bei ya mafuta ipande tena, hakuna dereva pale kituoni aliyewasha injini kwa ajili ya kusogea nafasi moja. Teksi ya mbele ikiondoka, zote zilizobaki zinasukumwa. Abiria wageni huwa wanafikiri wamekuta mabovu matupu.

"Niachie mimi, Shemeji, utajichafua," alisema Kimya kutoka gari la nyuma. Jina la Kimya alipewa kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

"Sukuma lako. Hili tumezoeana."

"Leo siku kubwa. Utaingiaje kwa hakimu na jasho?"

"Kwani hakimu ananioa?"

Mstari mzima ukacheka, na Kimya akacheka kuliko wote, kwa sababu aliyechekwa ni yeye.

Hilo jina la Shemeji lilikuwa la kituoni, na lilikuwa limelimeza jina lake la kuzaliwa likalimaliza. Mumewe alikuwa dereva pale kwa miaka mingi, ndugu yao wa foleni, na mke wa ndugu ni shemeji. Hata abiria wa kudumu walidhani ndivyo alivyoitwa na wazazi wake. Mume alifariki kwa ugonjwa wa figo. Aliacha gari, binti mmoja wa sekondari, mama mzazi ambaye sasa alikuwa akiishi na mkwewe, na kibao cha njano juu ya paa kilichoandikwa TEKSI.

Gari lilirithiwa bila shida. Kibao ndicho kilicholeta kesi. Sheria ndogo ya halmashauri ilisema kibali cha teksi ni cha mtu, si cha gari; mtu akifa, kibali kinakufa naye na kibao kinarudishwa. Utasema, si aombe kipya? Vipya vilishafungwa zamani. Halmashauri ilisema teksi zimetosha, na kwamba nafasi itapatikana pale dereva mmoja atakapokufa. Halafu dereva akifa kweli, nafasi inafutwa.

Lakini halmashauri hiyohiyo, kwa miaka miwili baada ya mazishi, ilipokea ada ya kibali kutoka mikononi mwa Shemeji. Dirisha lilelile, muhuri uleule, asante sana karibu tena. Wala hakuficha kitu; cheti cha kifo alikiambatanisha mwenyewe. Hakuna aliyekisoma, mpaka alipokuja karani mpya wa leseni, kijana mwenye kalamu nyingi mfukoni, akafunua faili akasema, "Marehemu haendeshi teksi." Ndipo Shemeji akaenda mahakamani. Alitaka hakimu aiambie halmashauri iandike jina lake pale palipoandikwa la mumewe. Hakuomba zaidi ya hapo. Mahakama ikamruhusu aendelee na kazi mpaka kesi iamuliwe, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamuliwa.

Akishinda, angeendelea kusukuma gari lake pale mpaka magoti yakatae. Akishindwa, kibao kingeshuka kabla ofisi hazijafungwa, na ile teksi ingebaki gari kuukuu la mjane.

Asubuhi ile mama mkwe alikuwa amemnyooshea blauzi kwa pasi ya mkaa, na mkaa wenyewe siku hizi unauzwa kama dawa. "Mwambie hakimu mimi ndiye niliyemzaa mwenye kibali," alisema huku akikunja kola. "Akinihitaji nitakwenda."

"Hajakuita, mama."

"Hajaniita kwa sababu hajui kama nipo. Wewe mwambie."

Bampa alifika wakati Shemeji amekuwa wa tatu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kituo, mtu mzima mwenye kitambi na sauti nzito, na jina lake lilitokana na bampa ya gari lake, ambayo aliifunga kwa kamba mwaka mzima akisema fundi anakuja kesho. Alikuwa amevaa koti alilofungia ndoa, na koti lilikuwa limemkataa. Vifungo vilikuwa vimeachana mbali na matundu yake. Leo alikuwa shahidi.

"Wakili ameniambia nijibu nilichoulizwa tu," alisema, akijipangusa shingo. "Mimi huyu! Kana kwamba ni Kimya."

"Mimi nimeingiaje hapo?" Kimya akasema.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi. Mimi nikisimama pale, watajua wewe una watu."

Shemeji alimshukuru, na alimaanisha. Usiku alikuwa amelala kidogo sana, na kumwona Bampa katika lile koti kulimtuliza kuliko maneno yote ya wakili.

Waliondoka na magari mawili, la Shemeji na la Bampa, madereva wengine wamejibana ndani kama abiria. Walioachwa kituoni waliahidi kutunza nafasi zao. Huo ulikuwa utaratibu wao: gari likiondoka kwa shughuli ya wote, kama mazishi au kesi, likirudi linaingia palepale lilipotoka. Hakuna aliyewahi kuuandika, na hakuna aliyewahi kuuvunja.

Mahakamani walikaa kwenye benchi la koridoni mpaka makalio yakafa ganzi. Karani wa mahakama alipita akiwa na mafaili, akarudi bila mafaili, akapita tena na kikombe cha chai. Kimya alimweleza askari wa mlangoni maisha yake yote. Hatimaye jina la kesi likaitwa, wakaingia kwenye chumba chenye feni moja iliyokuwa inazunguka polepole kama inayofikiria kustaafu.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Wakili wa Shemeji alikuwa dada mwembamba kutoka ofisi ya msaada wa sheria, asiyetoza kitu. Wakili wa halmashauri alikuwa mzee mpole, sauti ya chini, mtu ambaye ungependa awe babu yako.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Karani wa leseni alipanda kwenye kizimba cha shahidi, na yule dada akamshika.

"Kwa miaka miwili mlipokea ada ya kibali hiki?"

"Tulipokea."

"Aliyeileta alikuwa nani?"

"Mjane wa marehemu."

"Mlijua ni mjane?"

Karani aligusa kalamu zake. "Cheti cha kifo kilikuwa ndani ya faili."

"Kwa hiyo mlijua mwenye kibali amefariki, mkachukua ada, mkapiga muhuri."

"Ndiyo. Lakini sheria ndogo..."

"Nimekuuliza mlipiga muhuri?"

"Tulipiga."

Hakimu alivaa miwani, akaandika, akatikisa kichwa taratibu huku akimtazama karani. Benchi la madereva likaanza kupeana viwiko. Shemeji alijizuia kutabasamu, akashindwa. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, alijiona kama mtu anayesikilizwa.

Akaitwa Bampa. Alipanda kizimbani kwa heshima zote, koti limembana kwapani. Wakili wa Shemeji alimuuliza mawili matatu: gari analifahamu, analifahamu; mwombaji analifanyia kazi ya teksi, kila siku anaifanya; kuna abiria aliyewahi kumlalamikia, hakuna hata mmoja. Yule dada akashukuru, akakaa. Laiti mambo yangeishia hapo.

Mzee mpole wa halmashauri alisimama.

"Mwenyekiti, marehemu aliugua muda mrefu, siyo?"

"Muda mrefu sana, mheshimiwa."

"Pole. Na kipindi hicho chote, gari lake lilikuwa limesimama?"

Bampa alimwangalia kama mtu aliyetemewa mate. Wewe na mimi tungeweza kusikia swali la kawaida. Bampa alisikia tusi. Kituo kinachoacha gari la mgonjwa lisimame ni kituo kisicho na watu, na yeye ndiye mwenyekiti wake.

"Kusimama?" alisema. "Hapo mheshimiwa unatuvunjia heshima."

"Sikukusudia. Nauliza tu."

"Halijasimama hata siku moja! Pale kwetu mtu akiugua, gari lake linabaki mstarini. Zamu yake ikifika, yeyote aliye na nafasi analiendesha, na kilichopatikana kinakwenda hospitali kwa mgonjwa. Tulifanya hivyo tangu alipolazwa mpaka tulipomzika. Tukaendelea mpaka Shemeji huyu akajifunza kuendesha na kupata leseni yake ya udereva. Watoto wa watu hawakulala njaa, mheshimiwa. Sisi si watu wa hivyo."

"Nimeelewa. Na waliokuwa wakiliendesha ni kina nani?"

Wakili wa Shemeji alikuwa ameshasimama kupinga, lakini hakimu alimwashiria akae. Bampa, Mungu amsamehe, aligeuka kabisa kulitazama benchi lao, akanyoosha mkono.

"Yule pale alikuwa wa asubuhi. Yule mwenye shati la bluu, jioni. Yule mwembamba alikuja hata siku ya harusi ya mdogo wake. Simameni, jamani, mheshimiwa awaone."

Wakasimama. Kimya ndiye aliyeanza, kofia mkononi, kifua mbele, kama anayetambulishwa kwenye sherehe. Wengine wakafuata. Walisimama pale wakiwa na fahari yao yote, mashati yao yaliyofuliwa kwa ajili ya siku ile, wakingoja kusifiwa.

Shemeji aliwatazama, na moyo ukamjaa, maana hakuwahi kuwaona wamepangwa hivyo, wote waliomlishia mwanawe. Halafu akamwona wakili wake amefumba macho. Akaelewa kwamba kuna kitu kimevunjika, ingawa hakujua bado ni kipi.

"Asanteni," mzee mpole alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kati ya hawa, ni nani aliyeandikwa kwenye kibali kuwa dereva wa gari hilo?"

Feni ilizunguka. Kimya aliketi kwanza. Wengine wakaketi mmojammoja, na Bampa alibaki kizimbani mkono ukiwa bado umenyooka nusu.

Yule dada aliinama sikioni mwa Shemeji. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Shemeji akajibu. Na ndivyo ilivyokuwa. Kwao halikuwa jambo la kusimuliwa, kama mtu asivyokusimulia kwamba amekunywa maji.

Hakimu aliahirisha mpaka baada ya mapumziko ya mchana. Walikunywa chai na mkate nje ya ukuta, wamechuchumaa kivulini, na hakuna aliyekula hadi kushiba. Walipoitwa tena, uamuzi ulisomwa kwa muda mfupi kuliko walivyosubiri koridoni. Hakimu alisema sheria ile ndogo ni kali kwa wajane na yatima, na halmashauri haikutenda haki kwa kupokea ada huku ikijua mwenye kibali amefariki. Shemeji aliposikia hivyo alimshika wakili mkono. Kisha hakimu akageuza ukurasa. Hata hivyo, alisema, kibali anachodai mwombaji kilikuwa na sharti kwamba gari lisiendeshwe na mtu asiyetajwa humo, na ushahidi wa shahidi wake mwenyewe umeonyesha sharti hilo lilivunjwa mfululizo na watu wengi, wakati marehemu akiwa hai na baada ya hapo. Kibali kilichokwisha kubatilika hakiwezi kurithishwa. Maombi yametupwa. Kibao kirudishwe leo kabla ya ofisi kufungwa.

Alivua miwani. "Mama, pole," aliongeza, na ilionekana pole ile aliitoa moyoni.

Nje, wakili alizungumza habari za rufaa. Shemeji alimsikiliza kwa adabu. "Itachukua muda gani?"

"Siwezi kukudanganya. Muda mrefu."

"Na kibao nitakaa nacho?"

"Hapana. Samahani sana, dada yangu."

Wakaondoka kwenda halmashauri. Bampa aliomba kupanda gari la Shemeji, akaacha lake liendeshwe na yule mwembamba. Alikaa kiti cha mbele, koti amelivua na kulikunja mapajani. Walipofika kwenye taa akasema, "Shemeji, nimekuua."

Shemeji alitamani kumzaba kofi, na wakati huohuo alitamani kumpangusa machozi, kwa kuwa Bampa alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na kitambi chake.

"Umesema kweli," akasema mwishowe. "Ungesema nini? Kwamba mlituacha tufe njaa?"

"Wakili alinionya."

"Alikuonya. Ungenyamaza, Bampa. Ungenyamaza kidogo tu." Akabadilisha gia. "Lakini sasa imekwisha. Futa uso, tunaingia kwa watu."

Alipanda mwenyewe juu ya kizingiti cha mlango wa gari na kukifungua kibao kwa spana ya Kimya. Nati moja ilikuwa imeshika kutu, ilibidi waipige. Chini ya kibao rangi ya gari ilikuwa bado mpya, nyeupe safi, mstatili mzima uliokuwa haujaona jua.

Kwenye dirisha la leseni alikuwepo karani yuleyule. Hakujigamba, tuseme haki. Alionekana amechoka naye, chapati nusu imefunikwa kwa karatasi mezani. Alipokea kibao, akakikagua nyuma na mbele, akavuta fomu.

"Fomu ya kurudisha inasainiwa na mwenye kibali," alisema.

Shemeji alimtazama. "Mwenye kibali amekufa. Hiyo si ndiyo kesi mliyonishinda?"

"Najua, mama. Ila fomu inataka saini."

"Twende tukamfukue?" Kimya aliuliza kutoka nyuma.

Karani alikuna kichwa, akaenda ndani, akakaa huko, akarudi. "Kuna sehemu ya mwakilishi. Andika wewe ni mwakilishi wa mwenye kibali."

"Kumwakilisha kwenye kazi nimekataliwa."

"Hii ni kurudisha tu. Kurudisha unaruhusiwa."

Akasaini. Aliikandamiza kalamu kwa hasira, saini ikatoka ya mtu mwingine. Karani hakujali, akapiga muhuri, akasema asante sana, na bahati yake hakuongeza karibu tena.

Shemeji alikuwa na nia ya kuwashusha kituoni kisha aende nyumbani akamweleze mama mkwe. Lakini walipofika, nafasi yake ilikuwa imewekewa jiwe, na waliobaki walikuwa wamesukuma jiwe hilo mbele zamu baada ya zamu mpaka likafika mwanzo wa mstari. Dereva mmoja mzee, aliyekuwa wa pili, aliliondoa jiwe kwa mguu, akamwashiria aingie.

"Mimi si teksi tena," alisema Shemeji dirishani.

"Nafasi ni yako. Ingia, unazuia njia."

Akaingia. Alizima injini, akakaa mikono ikiwa kwenye usukani, kichwa kimeinama. Hakuwa amelala wala hakuwa akiwaza jambo lolote. Alikuwa amechoka.

Haukupita muda akaja askari wa halmashauri, mmoja wa wale wenye fulana za kung'aa wanaoshinda wakiandika makosa ya maegesho. Walimjua, alikuwa si mbaya, alikuwa na tumbo la ofisi na watoto wengi. Alizunguka gari la Shemeji, akatazama lile pengo jeupe juu ya paa.

"Nimetumwa nije nione," alisema, kama anayeomba radhi. "Gari lisilo na kibao halipangi foleni."

"Limeegeshwa," alisema Bampa.

"Mwenyekiti, usinitafutie maneno. Kuegesha sina ugomvi nako. Ila akibeba mtu kwa malipo, nimeambiwa nilivute leo hiihii. Kwa malipo, mmenisikia?"

"Tumekusikia."

Akaenda kukaa kwenye benchi la duka la ng'ambo, mahali pa kuona vizuri.

Akatokea abiria, kijana na begi. Aliona gari la Shemeji halina kibao, akaenda la pili. Yule mzee wa gari la pili alimwambia zamu si yake. Akaenda kwa Bampa, Bampa akasema zamu si yake. Akaenda kwa Kimya, na Kimya, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akatikisa kichwa tu. Kijana akawatukana wote, akaondoka kwa miguu.

"Mnafanya nini?" Shemeji akatoka garini. "Bampa, umechanganyikiwa? Mchukue mtu!"

"Zamu yako."

"Mimi siwezi kubeba!"

"Basi tusubiri uweze."

"Na watoto wenu wale nini jioni hii? Foleni?"

Walisimama kando ya magari yao, wameweka mikono mifukoni, wakitazama pembeni kama watoto wakaidi. Akaja mwanamke na ndoo mbili, wakamkataa kwa adabu. Wakaja wawili wenye haraka, wakakataliwa. Kule kwenye benchi askari alijikuna shingo. Kukataa abiria hakujaandikwa kokote kwenye karatasi zake.

Halafu akaja bibi mmoja kutoka upande wa hospitali, jicho moja limefungwa bandeji nene, mfuko wa dawa mkononi, akitembea huku akipapasa ukuta. Hakuangalia kibao wala paa. Jicho lililobaki lilikuwa linamtosha kuona mlango tu. Alifungua mlango wa nyuma wa gari la mbele, akaingia, akaketi, akashusha pumzi.

"Nipeleke nyumbani, mwanangu. Wamenipasua jicho."

Madereva wote walimwangalia Shemeji. Askari akainuka.

Shemeji alisimama kidogo. Kisha akapanda, akafunga mlango, akawasha injini. Alipopita mbele ya askari alipunguza mwendo. "Nampeleka bibi nyumbani," alisema. "Bure." Askari akarudi kwenye benchi lake.

Bibi aliishi mbali kuliko Shemeji alivyodhani, kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, na Shemeji aliendesha taratibu ili jicho lile lisitikiswe. Waliongea habari za jicho, za foleni ya hospitali, za mwana wa bibi aliyeahidi kuja kumchukua na simu yake ikawa haipatikani. Taa ya mafuta iliwaka. Hatimaye bibi akasema ni pale, kwenye geti la bati, na akaanza kupekua mfuko wa dawa kutafuta pochi.

"Kiasi gani, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna vipi? Mimi si ombaomba. Kwa sababu umeniona na bandeji?"

"Siyo hivyo."

"Basi sema bei yako."

"Sina bei. Ukinipa hata senti moja gari hili linavutwa." Alisikia sauti yake mwenyewe inapanda, akaishusha. "Leo mahakama imeninyang'anya kibali. Kubeba watu hawakunikataza, mama. Wamenikataza kulipwa."

Bibi aliacha kupekua. Alimgeukia kwa lile jicho moja, akamtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza.

"Na wewe utakula nini?"

Tangu asubuhi watu walikuwa wameongea juu yake. Mawakili wawili, hakimu, karani, wote wamesoma, wote wana adabu. Hilo swali hakuna aliyeliuliza. Machozi aliyoyabana toka mahakamani yakamtoka yote pale kwenye usukani, akaacha yatoke.

"Sijui," akasema. "Kwa kweli sijui."

Bibi alikuwa ameshafungua mlango na kutoa mguu mmoja nje. Aliurudisha ndani.

"Basi sishuki kwanza," alisema. "Tukae tufikirie."

Akaufunga mlango.